Meli Inaingia Nyumbani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu, na zimbusu kwenye paji la uso yule mgeni mdogo ambaye bado hajaamua kama dunia hii inamfaa. Natumaini nyote mna afya njema, na kwamba wifi anapata usingizi japo wa kuibia. Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, ukiliacha goti lake la kushoto, ambalo siku hizi lina mambo yake na halishauriani na mtu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Kumpa mtoto jina la Mama kumetufurahisha sana. Baba alilitamka jina lile peke yake kule uani, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Lakini umeniomba pia kitu, na hicho ndicho kilichonichelewesha kujibu. Umetaka nikutumie ile kanda ya bandarini yenye sauti ya Mama, ili mtoto akue akimsikia bibi yake. Nitakujibu, nivumilie kidogo. Unajua mimi si mwepesi wa maneno. Mama alikuachia wewe ulimi, mimi akaniachia miguu mirefu basi.

Kwanza habari za mji. Ziwa limezidi kurudi nyuma. Ulipoondoka maji yalikuwa bado yanalamba nguzo za mwisho za gati. Sasa kutoka gatini hadi majini ni mwendo wa kutosha kumsengenya mtu mmoja kikamilifu. Pale meli ilipokuwa ikifungwa kamba pameota nyasi, na mbuzi wa mwokaji mikate wanalisha chini ya winchi. Mkuu wa bandari angali anavaa kofia yake nyeupe na kufungua ofisi kila asubuhi, ila watu sasa wanamwita Mkuu wa Nyasi. Anaitika bila kinyongo. Mitumbwi inatua kule mchangani, samaki wanaletwa kwa mikokoteni hadi kwenye mizani yangu, nami nawapima mle mle ghalani tulimokuwa tukijificha na kutafutana, tukicheza kibemasa. Meli yenyewe imelalia ubavu kwenye tope lililokauka, na ndege wamehamia chumba cha nahodha.

Ila asubuhi za ukungu mambo hubadilika. Ukungu hutoka ziwani taratibu, ukazifunika nyasi, ukajaa mpaka ukingo wa gati, na macho yakakubali kudanganywa kwamba maji yamerudi. Watu huja na vikombe vyao vya chai, wakasimama pale. Hata mimi, ambaye siku nzima nashinda na vichwa vya samaki, husimama. Matone huanguka kutoka kwenye mabati ya ghala, na ukisikiliza vizuri unaweza kuapa kuwa mtu anapiga kasia. Kisha jua hutoka, mbuzi wanaonekana tena, na kila mmoja anakwenda kwenye shughuli zake.

Nadhani ni kwa sababu mji huu ulizaliwa na meli ile. Babu alikuwa akisema hapa palikuwa na matete na vyura tu, mpaka reli ilipofika na mabehewa yaliyobeba meli vipande vipande. Yeye alikuwa miongoni mwa waliogonga ribiti za kushikisha mabati yake, na mpaka anakufa alishikilia kwamba isingeelea kama si mkono wake. Waliokuja kuiunda walijenga vibanda, vibanda vikawa nyumba, na wake zao wakakataa kurudi walikotoka.

Habari ya Mama unaijua, lakini naiandika ili binti yako aje aisome. Siku yake ya kwanza ya kazi ya kutangaza alipewa karatasi yenye maneno ya kusoma: meli inaingia gatini, wasafiri jiandaeni, wasindikizaji simameni nyuma ya mstari. Akapanda kwenye kile chumba cha juu ya ghala, akashika maiki, akachungulia dirishani. Akamwona kijana fundi mitambo ametoa kichwa kwenye tundu la meli, uso umejaa grisi, anautazama mji kwa hamu. Maneno yakamponyoka, akasema meli inaingia nyumbani. Mkuu wa bandari wa wakati ule alimgombeza sana, akamwambia bandari si sebule. Lakini wasafiri walishuka wakicheka, na yule fundi alipanda ngazi kuuliza ni nyumbani kwa nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Neno likabaki hivyo miaka yote, na fundi naye akabaki, ndiye Baba.

Mama alipoanza kuchoshwa na ngazi walimrekodi kwenye kanda, na hata meli ilipoacha kuja hakuna aliyeleta amri ya kuizima. Mji ukaifanya saa yake. Mwokaji mikate akiisikia hufungua tanuri, mwalimu hupiga kengele, na wanaogombana huahirisha ugomvi mpaka imalize. Mama alipotutoka, Mkuu wa Nyasi alinikabidhi ufunguo wa chumba kile, akaniambia kazi yangu ni kubonyeza kitufe, mengine mashine inayajua.

Na tangu tulipomzika, Baba hajakosa hata siku moja. Huvaa koti lake la kazi, hushuka zile ngazi za mawe hadi kwenye benchi la abiria, akakaa chini ya spika na kuinua uso. Sauti ikimaliza hukaa kidogo, halafu hurudi nyumbani akiwa na uso mwepesi. Wauza samaki wakimwona pale hupunguza kelele zao. Mkuu wa Nyasi, ambaye hutania hata misibani, hilo halitanii.

Sasa nafika kwenye kanda. Mdogo wangu, kanda hiyo haipo tena. Ilikufa zamani. Asubuhi moja ya kiangazi mashine iliitafuna, ikaitoa nje kama utumbo wa samaki, na nilipojaribu kuiunga ikanikatikia mikononi. Nilitazama dirishani, nikamwona Baba ameshaketi, uso ameuinua. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikaivuta maiki ya zamani, nikapuliza vumbi, nikasema maneno ya Mama kwa sauti ya Mama. Mimi mwenyewe sikujua ilikotoka. Baba hakugeuka. Alikaa kidogo kama kawaida yake, akaondoka. Kesho yake nikasema tena, na kesho yake. Sauti unayoniomba, ambayo mji mzima unaamka nayo, ni mimi.

Tafadhali usinicheke. Niliishi kwa hofu kubwa. Niliogopa kwamba nikikosea neno moja Baba atagundua, na nitakuwa nimemfanya afiwe na mke kwa mara ya pili. Sikuthubutu hata kuugua mafua.

Siku barua yako ilipofika mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa katikati ya tangazo nilipomwona Baba anaanza kushuka, na goti lake lile, ngazi zinang'aa kwa maji. Nilikuwa nimefika kwenye wasindikizaji, na kinywa kikaenda chenyewe. Nikasema taratibu, ngazi zina utelezi, shika ukuta. Spika zote zikatangaza. Baba alisimama. Akashika ukuta, akashuka ngazi moja moja hadi benchini, akakaa. Mimi kule juu nilijikunyata sakafuni nikalia, maana hata mtoto mdogo anajua kanda haioni mvua. Nilipotoka, mwokaji mikate aliniuliza kama koo langu li salama, kisha akaendelea kupanga mikate yake. Ndipo nikatambua kuwa hata yeye alikuwa akijua.

Jioni nilimkuta Baba uani akikausha viatu. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Alisema alijua tangu asubuhi ile ya kwanza, kwa kuwa mwanamume aliyeishi na mke wake mpaka akazeeka naye hawezi kumchanganya na bintiye, hata bintiye ajitahidi vipi. Nikamuuliza, kama alijua, alikuwa akifuata nini kule benchini kila siku na goti bovu. Akasema yeye ndiye aliyemzika Mama kwa mikono yake mwenyewe, na anajua alipo. Akasema tangu siku ya maziko mimi humu ndani napita kimya, naweka chakula, naondoa sahani, siku inakwisha bila neno. Kule bandarini tu ndiko anakonisikia. Akasema alikuwa anakwenda kunisikiliza mimi.

Nilikaa chini karibu yake nikashika kiatu cha pili nikakikausha. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia mlango, na yeye akatafuta mwingine wa kuingilia.

Basi hilo ndilo jibu langu. Nakiri kwamba niliwaza kujirekodi nikutumie, nikakuacha uamini ni yeye, na sidhani ungegundua. Lakini mtoto huyu hatutamwanzia na uongo, hata uwe mtamu namna gani. Mlete. Sauti ya bibi yake imeondoka na hatuna pa kuitafuta. Ya shangazi yake ipo, na nimegundua ina mengi ya kusema.

Mpe wifi salamu zangu, mwambie asifue nguo za mtoto usiku. Mkuu wa Nyasi anakusalimu, mwokaji mikate pia. Baba anakusalimu kuliko wote. Amesimama nyuma ya kiti changu tangu nianze ukurasa huu, miwani hana, anauliza nimeandika nini kirefu hivi. Naiweka kalamu chini sasa, nimsomee.

Ni mimi dada yako,
Mpima Samaki