Flashi ya Kuwashia Mashine

Jumanne jioni, Mbulumbulu

Nimeficha jambo moja wiki tatu sasa, na nisipoliandika leo nitazikwa nalo.

Mashine ya kutunzia picha za ukoo imegoma tena kuwaka. Binti yangu Paskalina amekuja kutoka Karatu mjini, akakagua nyaya na kupima diski kubwa. Picha zote ni nzima. Kilichoharibika ni ile flashi ndogo yenye programu ya kuiwashia mashine, na hii ni ya tatu.

"Baba, umeme wenu utanitia wazimu."

"Pole, mwanangu. Umeme wa huku hauna adabu."

Mwalimu mzima! Mungu anisamehe.

Akaichungulia flashi kwenye kompyuta yake. "Mbona humu kuna wimbo wa kwaya?"

"Hata mashine humsifu Mungu."

Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wenye karanga mdomoni. Bahati nzuri hakuufungua. Lakini kesho analeta fundi ang'oe nyaya za nyumba nzima, na nyaya hazina kosa.

Ni mimi. Mara zote tatu niliichomoa, jirani yangu Bura akafuta mafaili ya kuwashia asiyoyaelewa na kuniwekea wimbo ule anaouongoza marehemu mama yake Paskalina, nikaichomeka kwenye redio yangu na kuusikiliza nikiwa kitandani, kisha nikairudisha kwenye mashine.

Ningemwomba Paskalina flashi yangu mwenyewe, angeuliza ya nini. Nami nilishamwambia kila mtu kwamba nimeacha kumlilia mama yake.