Kihamba cha Baba Kwenye Kompyuta

Geita, 9 Septemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Manka,

Mwaka mmoja na miezi minane imepita tangu niondoke Mwika, na miezi minane tangu barua yangu isomwe nyumbani siku ya Krismasi. Hujanijibu, na sikulaumu. Mikono imechoka kugonga mawe hapa machimboni. Ukiona mwandiko umelala, sababu ni hiyo.

Nakumbuka Desemba ya mwisho niliyokuja. Ulikuwa umekaa jikoni kwa Mama, daftari la hesabu magotini, unaandika kwa penseli maneno ya Kiingereza yaliyofungwa kwa vialama kama mishale. Nikauliza kama hiyo ni hesabu au uganga. Ukasema, "Ni ukurasa wa kompyuta, kaka. Haujawashwa tu." Ulikuwa ukiandika wiki nzima, na Jumamosi unashuka Moshi mjini kuuchapa, kwa sababu makosa ya penseli hayalipiwi na muda wa kompyuta unalipiwa. Nilicheka mpaka mbege ikanipalia.

Kesho yake, tukikata majani ya ng'ombe, nikakuuliza nani atakuajiri. Ukajibu bila kuacha kukata: "Wa kuniajiri hayupo. Wa kunipa kazi wapo." Ukanieleza kwamba waongoza watalii na wenye nyumba za wageni wote wanataka kurasa zao, na kwamba wanaojua kuzitengeneza hapo mjini unaweza kuwataja mmoja mmoja. Mimi nilisikia "hayupo" tu. Unanijua. Niliishia kidato cha pili, nikapata ajira kiwandani, barua ina mhuri, na baba akaihifadhi ndani ya Biblia yake. Kiwanda kilipouzwa tukapunguzwa, barua na mhuri wake. Hata hivyo niliendelea kuamini kwamba kazi isiyo na barua si kazi.

Kisha ikaja bahasha ya Baba Mdogo. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye ukurasa uliowatengenezea waongozaji wa pale kijijini: picha ya kihamba cha baba, shamba la ukoo alilotuachia, migomba na kahawa yetu, maneno ya Kiingereza, na chini ramani ya njia kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu. Kwetu kihamba huchorewa ramani watu wakigombania mpaka, au mtu akiuza. Baba Mdogo aliandika kwamba umekitangaza kwa Wazungu. Sikukuuliza wewe. Sikumuuliza hata Mama. Krismasi ile sikuja, nikatuma barua, nikasema binti anayeuza kihamba cha baba asiguse tena kompyuta. Ikasomwa mbele ya ukoo mzima. Mama aliniambia baadaye kwamba hukulia; uliinuka ukaenda kuosha vikombe. Januari ukaenda Bomang'ombe kuuza misumari na saruji kwenye duka la watu.

Mwezi uliopita kifua kilinipeleka hospitali Mwanza. Ni vumbi, wakanipa dawa. Nikiwa nasubiri majibu niliingia duka la intaneti la jirani, nikampa dada wa pale ile karatasi, maana anwani ilikuwa juu yake. Akaufungua ukurasa, akanisomea kwa Kiswahili, polepole: familia inawakaribisha wageni waone kahawa inavyochumwa na kukaangwa, kisha wanywe pamoja na Mama. Nikamwambia ashuke mpaka panapouzwa. Akashuka mpaka mwisho, akanitazama.

"Kaka, hapa kinachouzwa ni kikombe cha kahawa. Hilo shamba umelitoa wapi?"

Wateja wakacheka. Alipouliza nani kautengeneza nikasema mdogo wangu. Akasema tajiri yake amemtafuta mtu wa namna hiyo Mwanza yote, hajampata. Nikakaa pale mpaka muda niliolipia ukaisha, namwangalia Mama kwenye picha, na ile kanga yake ya kanisani.

Siwezi kukuahidi kwamba kazi hiyo itadumu. Huenda baada ya miaka michache wataijua wengi, na bei ikaanguka kama ya kahawa. Nimeona ajira ikinifia mkononi, sitajifanya najua. Lakini nilichokuandikia hakikutoka kwenye kujua. Nilikuwa mtu aliyechoka, nikaona na wewe uchoke mapema.

Mama anasema waongozaji bado wanakungoja, ila mwisho wa Oktoba watamchukua mtu wa Arusha, kwa sababu wageni wa Desemba wanakaribia. Kwa hiyo sitangoja Krismasi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na msamaha wa kwenye bahasha hautoshi. Nimemwomba Baba Mdogo awaite walewale walioisikia barua. Amejibu kwamba haijapata kuonekana kaka mkubwa akimwomba radhi binti hadharani. Nimemjibu kwamba wataona.

Nitakata jani la isale kwa mkono wangu na kukupa mbele yao, kama tunavyoombana radhi kwetu. Najua mila hairuhusu mtu kulikataa. Mimi nakuruhusu. Ukilikataa, nitawaambia wote kwamba una haki, na kompyuta utairudia vilevile.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Jumapili, ibada ikiisha, nitakuwa nimesimama uani kwa Mama. Omba ruhusa dukani, uje.

Ni mimi,
kaka yako