Kalamu Juu ya Sikio

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Haya ninayokuandikia asiyajue mtu, hata shemeji, na ukimaliza kusoma uichane barua. Nakuamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe.

Natumai u mzima na mtoto ameacha kukohoa. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umekosa pa kutulia.

Unajua kwamba kazi hii ya ukarani katika gereji nilitafutiwa na baba mkwe wako, fundi wa hapo hapo, na kwamba kwa mabomba ya moshi na sailensa za kupunguza mlio hana mpinzani. Usilolijua ni kwamba masikio yake yamekufa. Uliwahi kulalamika kwamba ukimsemesha ukiwa umempa kisogo hakuitikii, ukadhani amekununia. Hakununii, dada. Hakusikii. Yeye husoma midomo. Aliniomba nimfichie, akasema fundi wa sailensa asiyesikia ni sawa na mpishi asiyejua chumvi.

Basi tukatunga ishara. Yeye huwasha gari, akaweka kiganja nyuma ya bomba kupima msukumo wa moshi. Mimi husimama kwenye dirisha la ofisi nikisikiliza. Kalamu ikiwa mfukoni, bado kuna kasoro. Ikiwa juu ya sikio, gari liende. Mwaka mzima hatukukosea.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu na gari kuukuu la injini kubwa, lenye mabomba mawili nyuma. Alisema likipanda mlima linakata pumzi kama yeye mwenyewe. Fundi alimweleza kwamba sailensa zimeziba, na zinazofaa ni zile za ndani wazi, zinazoachia moshi upite moja kwa moja. Mwalimu akasita. Mumewe ni mgonjwa, akasema, na hataki kumrudia na ngurumo ya trekta. Fundi akamtuliza kwamba uwazi si kelele: achukue zile ndefu, zilizojazwa sufi nzito ya kioo ya kumeza mlio kuzunguka bomba, awaachie zile fupi vijana wanaotaka mtaa mzima ujue wamefika. Tena ziwe mbili za aina moja, maana bwana harusi akivaa viatu visivyo jozi, hakuna atakayemtazama usoni. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, akachagua zile ndefu.

Zikafungwa, gari likaondoka. Kesho yake mwalimu alirudi amejishika kichwa. Kiungo cha bomba la kushoto kilikuwa kinavuja na moshi uliingia ndani ya gari. Mumewe, aliyekuwa akipelekwa kliniki, alitapika njia nzima. Sasa hajambo, namshukuru Mungu.

Bosi alimsimamisha fundi mbele yetu sote, akamuuliza ilikuwaje asisikie mluzi wa moshi unaovuja, ambao hata mpita njia angeusikia. Mkwe wako alimtazama midomo mpaka akamaliza, kisha akajibu kwamba uzee umemfanya mzembe. Bosi akamwambia akabidhi zana Jumamosi. Dada, mzee yule hakunitupia jicho hata mara moja.

Sasa nikwambie kilichonikosesha raha. Mluzi ule niliusikia. Nilikuwa dirishani, kalamu mfukoni, simu ikalia. Nikachukua kalamu, nikaandika ujumbe wa mteja, na nilipokata simu nikaichomeka juu ya sikio kama makarani tunavyozoea, nikarudi dirishani. Fundi akaniona, akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi mwalimu ufunguo. Hapo ndipo nilipokumbuka kalamu iko wapi. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia na kulisimamisha gari pale getini. Lakini bosi alikuwa amesimama hapo hapo, nami nikaogopa kuulizwa tangu lini karani anasikiliza magari. Nikabaki dirishani, nikajipa moyo kwamba kiungo kitajiziba kwa masizi.

Leo asubuhi nimeingia kwa bosi. Nimemwambia kwamba nilimhakikishia fundi gari liko sawa, naye akaniamini, na kwamba kosa ni langu. Habari za masikio sikuzigusa. Akasema gereji inayokaguliwa na karani itafungwa kabla ya mwaka kwisha. Fundi atabaki. Mimi nimeshakabidhi funguo za kabati.

Sijutii, ila naogopa. Jumatatu mzee atawasha gari, atainua macho, na dirishani hakutakuwa na mtu. Nakuomba, dada, kabla ya siku hiyo ukae naye ana kwa ana, useme polepole, umbembeleze akubali kupimwa masikio. Kutoka kwangu ombi hili atalipokea kama deni la shukrani. Kwako wewe atalipokea kama mzazi. Akikuuliza nani amekwambia, mjibu kwamba umeona mwenyewe.

Mbusu mtoto, na shemeji mpe salamu za kawaida tu.

Usipige simu ya gereji, sipo tena. Nimehamia chumba cha nyuma cha yule fundi cherehani niliyesoma naye, mkabala na posta, mlango wa kijani. Ukiandika, juu ya bahasha weka jina lake, langu usilitaje, mzee asije akanifuata. Ukija mwenyewe, pita uani na ugonge kwa nguvu, cherehani zake zina kelele.

Ni mimi mdogo wako,
Karani