Kalibu za Mjomba Ziko Stoo, Nami Bado Naomba Ishara

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mapema kwa urefu wa barua hii, mimi si mtu wa kuandika, kazi yangu ni kuuza viatu, nina miaka arobaini na sita, nimeokoka, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikipiga magoti mbele ya wateja kwenye duka la viatu vya kiwandani, nawavisha, nawafunga kamba, nawauliza kama vinabana.

Lakini sikulelewa dukani. Mama alipofariki nilichukuliwa na kaka yake, naye alikuwa fundi viatu, ila si wa viatu vya kila mtu, alikuwa anawatengenezea wale ambao miguu yao hailingani, mmoja mrefu mmoja mfupi, au uliopinda tangu kuzaliwa, au uliopoteza vidole. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na mpaka leo nikisikia harufu ya gundi moyo unarudi pale pale. Ukuta mzima ulikuwa na rafu za kalibu, yaani ile miguu ya mbao aliyoichonga kwa vipimo vya kila mteja, na chini ya kila moja ameandika kwa penseli ni ya nani: muuza maziwa, karani wa posta, bibi harusi. Na hakuwa anaanza na mguu, hata siku moja. Alikuwa anasema, "Hebu kaa kwanza. Nyumbani kwako kuna ngazi?" na mazungumzo yanaanzia kwenye ngazi mpaka kwa wajukuu, hadi mtu anasahau kuona haya na kuvua kiatu mwenyewe. Kabla ya kukata ngozi aliweka kiganja juu ya kalibu, akasema, "Bwana, huyu atembee," basi, kisha anashika kisu.

Nilipomaliza shule nilifanya naye kazi miaka saba, nikajua kuchonga, kukata na kupandisha soli. Halafu nikaoa, nikataka mshahara wa uhakika, nikaenda dukani. Alipoanza kuugua aliniita, akaniambia, "Mjomba, chukua hizi kalibu, mikono yako inajua." Nikamjibu, "Mwakani, mjomba, ngoja nijipange." Hakuuona huo mwaka.

Sasa mwaka huu, mshauri, kanisani kwetu kuna dada anafundisha kwaya, mguu wake wa kushoto ni mfupi, na siku zote anaongoza akiwa ameegemea kinanda. Siku moja sikuweza kuvumilia, nikamwomba nimpime, nikamtengenezea jozi jikoni kwetu, mke wangu akilalamika kwamba chakula kinanuka gundi. Jumapili ile yule dada alisimama katikati, mbali kabisa na kinanda, akainua mikono yote miwili, na mimi nililia mpaka mke wangu akanifinya. Baada ya ibada watu sita walinifuata. Nilikuwa nafurahi kama mtoto, mpaka mzee mmoja wa kanisa akanivuta kando mlangoni akaniuliza, "Kipawa hukukinunua, sasa utakiuzaje? Tena kwa mtu mwenye shida?" Nikaenda kufungia vifaa kabatini.

Wiki tatu baadaye akaja dukani mzee mmoja, chini ya kiatu chake amefunga kipande cha mbao kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia, "Mzee wangu, hatuna saizi yako." Akasema, "Najua, mwanangu, nilikuwa nauliza tu," akatoka taratibu, nami nimesimama na boksi mkononi huku najua kabisa kiatu chake kinavyotakiwa kutengenezwa, tangu kisigino.

Na juzi binamu yangu, binti wa mjomba, amenipigia simu: "Kaka, mwisho wa mwezi nahama. Kalibu za baba ziko stoo, kama huzitaki niambie, jirani anataka kuni." Mke wangu anasema nimeomba ishara mpaka Mungu amechoka kunionyesha. Lakini naogopa kuacha mshahara, naogopa watu wa kanisa waseme nakula kwa shida za wenzangu, na zaidi ya yote sijui kama ni Mungu ananiita au ni mimi tu nimemkumbuka mjomba. Nitajuaje?

Muuza viatu

*

Ndugu yangu muuza viatu,

Pole kwa mjomba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ile karakana nimeiona kama niliwahi kuingia. Lile jibu la "mwakani" limekuuma miaka yote hii, na lina haki ya kukuuma. Ila sasa umelifanya godoro, umelilalia.

Umeandika kurasa nne na sijaona mahali hata pamoja Mungu alipokukataza. Aliyekukataza ni mzee mmoja mlangoni, na kwa sentensi mbili tu ukafunga kabati! Hebu nikuulize: mjomba wako alikulisha nini? Ada yako ya shule ilitoka wapi kama si kwa yule muuza maziwa na yule karani? Walimlipa, wakatembea, na wewe ukasoma. Kuna siku uliona wanatoka pale wamedhulumiwa? Basi mwambie huyo mzee hivyo hivyo, kwa heshima, na usibishane naye zaidi.

Unauliza ni wito au ni kumkumbuka mjomba. Kwani Mungu akitaka kukuita atafute sauti ya mtu usiyemjua? Mimi nadhani alikuita zamani, ukiwa umeshika patasi, ukadhani ni kazi tu. Huzuni peke yake isingesimamisha watu sita kukungoja nje ya kanisa. Na yule mzee wa mpira wa baiskeli, ulimdanganya. Saizi yake mnayo, iko mikononi mwako. Mtafute, mwombe radhi, mpime.

Sasa nisikilize. Usiache kazi kesho, usije ukaniletea kilio cha mkeo. Jumamosi hii, kabla binamu hajahama, kodi gari dogo mwende wewe na mke wako mkachukue kalibu zote, hata zilizoliwa na wadudu. Jikoni toka, tafuta chumba chenye mwanga, kiwe kidogo tu. Mwombe mwenye duka akupunguzie siku za kazi, na akikataa anza na jioni na Jumamosi hadi hao sita watakapovaa viatu vyao. Bei itaje kabla ya kupima, na utakayemsaidia bure amua na mkeo mezani, si mlangoni mwa kanisa watu wanapokuzunguka. Mchungaji mwombe akuombee, lakini ruhusa usimwombe, hiyo umeshapewa.

Siku ya kwanza utaogopa. Kata hivyo hivyo. Ngozi ikiharibika, nunua nyingine. Mpigie binamu yako leo, kabla hujalikunja gazeti hili, umwambie jirani akatafute kuni kwingine.

Mshauri wako