Uwanja Kwenye Kibanja

Bugene, 4 Agosti 2024

Mama,
Shikamoo. Sisi hatujambo, tunaamini wewe na Joyness mnaendelea vizuri na lile goti limepoa. Naandika kwa sababu mkwe hawezi kukuambia haya kwenye simu.

Tangu binti yako Mackrine afariki umenilelea mwanangu, Mungu akubariki. Sasa ana miaka saba na anapenda mpira, lakini huko Kibingo wanachezea barabarani, bodaboda zinapita. Hapa kuna kocha wa watoto wadogo kila Jumamosi, ana koni, mipira midogo na makundi ya umri. Njoo uone mwenyewe. Naomba Desemba ahamie kwangu.

Mkweo,
Anatory

Kibingo, 1 Septemba 2024

Mkwe wangu,
Marahaba. Goti limezidi, maana jana nilipanda bodaboda na Joyness tukaja kuyaona hayo mazoezi. Dukani kwako sikupita. Mama mkwe haingii kwa mkwewe kama anaingia sokoni.

Kocha ni kijana mzuri, anawajua watoto kwa majina, sibishi. Ila wanakaa foleni kungoja zamu ya kuzunguka zile koni. Joyness aligusa mpira kidogo, akachoka kusubiri, akakaa chini kung'oa majani. Huku mwalimu Polikarpi anawagawa wannewanne baada ya masomo, kila kundi na mpira wake wa majani ya migomba, na kila mtoto anatoka jasho. Ubaya wake, wakubwa wanawakumba wadogo, na uwanja kweli hatuna. Hapo umenishika.

Nipe muda nitafute uwanja. Usinichukulie mtoto kwa ajili ya uwanja, nakusihi, waitu.

Mama mkwe wako,
Ma Kokugonza

Kibingo, 27 Oktoba 2024

Mkwe wangu,
Hamjambo huko? Sisi tu wazima. Hukunijibu, nami sikukaa bure.

Nimekata migomba ya upande wote wa chini wa kibanja changu, ile aliyoipanda marehemu mume wangu. Majirani wanasema nimerukwa na akili, maana hapa mtu anakata mgomba uliozaa, hakati kibanja. Wazazi wamesawazisha, tumesimika magoli ya mikaratusi. Wadogo wana siku zao na wakubwa zao. Joyness alifunga bao, akaja mbio kunikumbatia na matope yake yote. Nilifurahi, halafu nikaenda jikoni nikalia kwa ajili ya ile migomba.

Njoo sasa ulinganishe.

Mama mkwe wako,
Ma Kokugonza

Bugene, 8 Desemba 2024

Mama,
Shikamoo. Pole na goti. Uwanja nimeuona, nilipita na pikipiki, ni mzuri. Lakini kocha wa hapa ana cheti, na mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Wazee wameshakaa. Nitamfuata Jumamosi. Mpira atacheza, nakuahidi.

Mkweo,
Anatory

Kibingo, 16 Machi 2025

Mkwe wangu,
Hujambo? Na mkeo mpya na mtoto mchanga? Mimi afya ni hivyohivyo, usingizi ndio sina.

Jana Polikarpi aliwaleta watoto wetu Bugene kucheza na wale wa kocha wenu. Joyness hakuwepo. Kocha akasema mtoto wa jina hilo hajawahi kuandikishwa kwake. Polikarpi akamkuta dukani kwako, kambeba mdogo wake mgongoni, anampimia mteja sukari. Alipomuuliza habari za mpira akajibu kwamba baba amesema asubiri mpaka mdogo wake atembee.

Mkeo simlaumu, mtoto mchanga anataka mikono. Nakulaumu wewe. Kule chini uwanja umejaa watoto wa watu, na kelele zao zikianza nafunga dirisha. Siwezi kuwafukuza, nimeshawazoesha. Ndizi za kupika siku hizi nanunua.

Anatory, mwanangu, ungesema tu kwamba unamtaka mtoto wako nyumbani. Ningelia, lakini ningekupa.

Mama mkwe wako,
Ma Kokugonza