Nyayo za Tluway

Elirehema, kanuni ya basi la kijiji unaikumbuka: dereva akifunga breki ghafla bila sababu inayoonekana, hapandi gari mwaka mzima. Mwenyekiti wa kamati ya basi nilikuwa mimi. Muhtasari uliandika wewe.

Nimerudi kutoka ukumbi wa parokia sasa hivi. Mhandisi Christina ametueleza jinsi treni za kasi za Japani zinavyookoa abiria. Tetemeko kubwa hutanguliwa na mtikisiko mdogo; mitambo ikiuhisi tu, treni hufunga breki kabla ya kishindo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka.

Mwaka 1979, Elirehema! Mteremko wa Manyara! Dereva wetu Tluway alifunga breki, abiria Antonia akavunjika mkono, kisha ndipo ardhi ikatikisika na mawe yakaporomoka mbele yetu. Akaniambia, "Mtikisiko niliusikia kwenye nyayo, Mwalimu." Tukacheka. Tukaamua kwamba alipofunga breki tetemeko lilikuwa halijaja, basi sababu haikuonekana. Haikuonekana!

Leo alikuwapo, kiti cha nyuma. Akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, nyayo zangu hukuziamini. Mashine ya Wajapani umeiamini?"

Mbele ya wote, Elirehema.

Nikasimama, nikamwomba radhi.

"Radhi ni maneno tu, Mwalimu. Mimi nililipa kwa miguu."

Kwa hiyo nimelikataa gari la parokia lililokuwa linirudishe nyumbani. Nimefika nyumbani kwa miguu, na nitatembea hivyo hadi mwaka utimie. Njiani gari lilinipita. Tluway alikuwa amekaa mbele, mahali pangu.