Dume la Kongwa na Moyo Wangu

Nkuhungu, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye shikamoo. Natumaini mko wazima, moto unawaka na viazi vimeota vizuri. Je, miguu ya Bibi bado inamsumbua? Mimi sijambo, na safari hii nikisema sijambo siwadanganyi.

Haya ningeyasema kwenye simu, lakini unanijua. Kwenye simu najibu "ndiyo Baba, ndiyo Baba," halafu Shangazi Roida ananinyang'anya aulize habari za kondoo, na yangu yanabaki kooni. Kwa kalamu siogopi sana.

Kwanza nikiri kitu. Baridi ya Kitulo sijaikumbuka hata siku moja. Nyinyi nawakumbuka, mpaka wakati mwingine nanusa sweta alilonifumia Bibi, maana bado lina moshi wa nyumbani. Lakini hapa napanda ngazi za shule huku napiga stori na wenzangu, sisimami kushika ukuta. Nafua mashuka mwenyewe. Viatu vilivyokuwa vinanibana sasa vinapwaya, kwa sababu miguu haivimbi tena. Hata mlenda nimeuzoea. Nilikuwa naona haya kufurahi nikiwa mbali nanyi, ndiyo maana nilikuwa nasema "naendelea tu."

Wiki iliyopita tulirudi kliniki ya moyo. Daktari wangu, mama mmoja mpole, alinionyesha moyo wangu kwenye skrini, unaruka kama kifaranga mkononi. Anasema kuna mshipa mdogo karibu na moyo ambao kila mtoto anakuwa nao tumboni mwa mama yake, na akizaliwa unajifunga wenyewe. Wangu haukujifunga. Huwatokea zaidi watoto waliozaliwa juu sana kama kwetu, kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni kidogo. Tena kwa hewa hiyo mishipa ya mapafu inajikaza, na upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwa nguvu mpaka unatanuka na kuchoka. Kwa hiyo siyo baridi iliyoniingia kifuani, Baba. Kunivalisha masweta na kunikalisha karibu na jiko kulikuwa ni kunipenda, ila haikuwa dawa, na ule moshi haukunisaidia.

Dawa ya kwanza ilikuwa kushuka huku. Halafu vidonge vya kulegeza mishipa ya mapafu. Sasa presha ya mapafu imepungua, wanaweza kuuziba ule mshipa. Hawapasui kifua! Wanapitisha mrija mwembamba kuanzia pajani mpaka moyoni, wanaacha kizibo kidogo. Nikauliza, kwa sauti ya chini mpaka daktari akainama, "Nikishazibwa nitarudi nyumbani?" Akasema kutembelea huenda ikawezekana wakishanipima tena, ila kuishi huko tusubiri kwanza. Najua ulipanga nirudi nikimaliza kidato cha nne. Naomba usikasirike.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Jumapili tulikwenda Kongwa kwa mume wa Shangazi, Mzee Lemanya, kule anakofanya kazi ya ng'ombe. Tulikula pamoja na rafiki yake, bwana mifugo. Mzee Lemanya akaanza utani wake: "Wewe binti wa barafu, lile dume tulilomuuzia baba yako mlililisha nini huko juu? Hapa lilikuwa linakimbiza hata pikipiki!"

Nikaangalia sahani. Shangazi akamwambia, "Usimchokoze mtoto. Lile dume lilivimba likafa, na maneno ya sumu yamewagawa kaka zangu."

Bwana mifugo akaacha kula. "Lilivimba wapi?"

Nikaweka mkono kifuani kwangu, hapa chini ya shingo.

"Na mshipa wa shingo ulitokeza?"

"Ndiyo. Na lilikuwa linahema hata likiwa limelala."

Akasema hawezi kuapa kuhusu ng'ombe ambaye hakumwona, lakini ng'ombe wa huku wakipandishwa juu sana, wengine huugua hivyo hivyo. Mapafu yanakaza mishipa, moyo unashindwa, maji yanajaa kifuani. Waliozaliwa huko juu wengi huhimili. "Mimi hapo siioni sumu," akasema. "Naiona hewa."

Mzee Lemanya akashika kichwa. "Kumbe tungewauzia mbuzi!"

Baba, Baba Mdogo Elia alililambisha lile dume chumvi tu. Miguu yangu ilipoanza kuvimba ulimwambia Mama, "Mdogo wangu ameanza na ng'ombe, sasa mtoto." Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia. Tangu hapo hamsalimiani, na ni yeye aliyenibeba mgongoni siku nilipoanguka njiani nikitoka shule. Mimi na dume tuliugua kwa hewa ile ile. Hakuna mkono wa mtu.

Nesi alisema kabla ya kuzibwa waje ndugu wawili watoe damu, iwepo ikihitajika. Shangazi wamemkataa kwa ajili ya presha. Nesi akauliza, "Basi nani watakuja?" Nikamjibu bila kunong'ona, "Baba yangu, na mdogo wake Elia." Shangazi alinitazama mpaka tukafika getini. "Wewe mtoto," akasema, "na haya zako zote hizo!" Halafu akacheka huku anafuta macho.

Daktari anasubiri mfike ndipo anipangie siku. Njooni kwa basi moja. Mkikaa viti vya mbalimbali si neno, ila mshuke wote wawili.

Mwambie Mama nakula vizuri. Mwambie Bibi sweta lijalo alifume jepesi, huku jua halina mchezo. Mdogo wangu Lusajo aache kupanda migongo ya ndama. Shangazi na mumewe wanawasalimu.

Salamu za Baba Mdogo sikuziandika humu. Vuka kijito uende kwake, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba mtoto wake anamwamkia.

Ni mimi binti yako, ninayepumua vizuri,

Tusekile